Samaki wa Jumatano

Mwaka ule wa sitini na nane nilinenepa. Nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu: mimi Zedekia, mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyoko njia ya Bwera kwenda Nyakiyumbu, nilinenepa mpaka mkanda ukatobolewa matundu mawili mapya kwa msumari. Na kilichoninenepesha ni kusaidia maskini. Usicheke kwanza. Wapo watu wanaosaidia maskini wakakonda. Mimi Mungu alinipa kipaji kingine.

Yote yalianza na mkaguzi wa shule, Bwana Tumusiime, mtu mwembamba wa maneno machache aliyekuja na Landrova ya serikali mwezi wa tano. Alihesabu watoto, akachungulia vyoo, akaonja maji ya mtungi, kisha akaniuliza, "Mwalimu mkuu, hawa watoto wa wakimbizi mnawasaidiaje?"

"Tunao mpango, bwana," nikajibu papo hapo.

Mpango gani? Hata mimi nilikuwa nautafuta. Lakini mwalimu mkuu hakosi mpango mbele ya mkaguzi, heri akose suruali.

Watoto wenyewe walikuwa wengi. Tangu vita viingie Beni na Butembo, watu walivuka mpaka wa Mpondwe na magodoro kichwani, na shule yetu ikajaa mpaka watoto wakakaa dirishani. Wanande wale wa ng'ambo na sisi Wakonzo ni tumbo moja. Kinachotutenga ni mto ambao kiangazi mbuzi anauvuka bila kulowa tumbo. Lugha moja, ugali wa muhogo mmoja, mila zile zile. Kwa hiyo asije mtu akanitetea kwamba sikujua desturi zao. Nilizijua, ni zangu, na hapo ndipo aibu ilipo.

Nikakaa na kufikiri siku mbili, nikatoka na mpango. Niliuita Kikapu cha Mwalimu Mkuu. Jina nililitunga mimi mwenyewe, na ninaomba msamaha. Kila Ijumaa, watoto wakiwa wamejipanga kwenye paredi kabla ya kwenda nyumbani, mkimbizi mmoja angeitwa mbele apewe kikapu cha chakula kutoka shamba la shule. Kwa kuanzia nikamchagua Esperance Kavira wa darasa la saba.

Sikumchagua bure. Alikuwa wa kwanza darasani, anawapita wavulana wote hesabu na jiografia, na shule yetu ilikuwa haijawahi kupeleka msichana hata mmoja sekondari. Novemba kulikuwa na mtihani wa kumaliza. Akipita yeye, niliona jina langu likitajwa Kasese, likitajwa Fort Portal. Jina lake pia, bila shaka. Baba yake, Stanislas, alibaki Beni na hakuna aliyejua kama yu hai. Mama yake, Laurentine, alipanga chumba kimoja karibu na soko la Mpondwe na watoto watatu, akilima mashamba ya watu kwa kibarua. Nikasema, shida kama hii haihitaji maswali. Inahitaji maharage.

Ijumaa ya kwanza nilitoa hotuba ya dakika ishirini na tano. Maharage yenyewe yalikuwa vibakuli vitatu. Nilizungumzia upendo, nikazungumzia taifa changa, nikamtaja Msamaria mwema na kwa mbali nikadokeza kuwa tunafanana. Esperance alisimama pale mbele muda wote huo, kikapu mikononi, macho chini. Watoto mia tatu wakapiga makofi. Yale macho ya chini nikayaita adabu.

Jumatano asubuhi kikapu kilirudi. Kilifunikwa kwa jani la mgomba, na chini ya jani kulikuwa na samaki wawili, ngege waliokaushwa kwa moshi, wekundu, wanene, wenye mafuta.

"Mama anakusalimia, Bwana Direkta," Esperance akasema, maana kwao Kongo mwalimu mkuu ni direkta. Jina hilo nililipenda kuliko la serikali.

Kwetu kikapu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea viazi, kikapu chake utakirudisha na chochote ulicho nacho, ndizi, chumvi kidogo, hata majani ya maharage. Ukikirudisha kitupu umemwambia kwamba nyumba yako imekufa. Na yule anayerudishiwa akikataa, ametukana ukoo mzima. Kwa hiyo nilipokea. Nilipokea kwa mikono miwili, nikapeleka nyumbani.

Mke wangu, Tabisa, alifunua jani akatazama. "Baba Masika, mkimbizi anatoa wapi ngege?"

"Ni shukrani hiyo."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza anatoa wapi."

"Mama Masika, pika."

Akapika. Wallahi, samaki yule! Alimpika na karanga za kusaga, na mimi nililamba vidole kama mtoto. Ijumaa ilipofika niliona haya kupeleka vibakuli vitatu kwa mtu aliyenilisha vile. Nikaweka sita, na unga wa muhogo, na kipande cha sabuni. Jumatano kikapu kikaja na ngege watatu na sombe, majani ya muhogo. Sasa mwenzangu, mimi nikubali kushindwa na mkimbizi? Ijumaa nikatafuta kikapu kikubwa zaidi, zamu za watoto wengine nimezisahau. Jumatano wakaja ngege wanne na chupa ya mawese. Tukawa kama watu wawili mlangoni, huyu anasema tangulia wewe, yule anasema hapana, wewe, na katikati ya mlango kabanwa mtoto.

Na tena, lile shamba la shule lililimwa na nani? Lililimwa na wanafunzi, Esperance akiwa mstari wa mbele na jembe. Kwa hiyo hata kile nilichompa kwa hotuba kilikuwa jasho lake mwenyewe. Hili nililiwaza baadaye sana. Wakati ule kichwa changu kilikuwa na kazi nyingine.

Nilikuwa naandika ripoti. Nilimwandikia Bwana Tumusiime kurasa nne kwamba familia ya Laurentine imeinuka, kwamba sasa wana samaki na mawese, kwamba ushahidi wa kuinuka kwao nimeuona kwa macho yangu. Sikuandika kwamba nimeuona mezani. Akanijibu kwa barua ya pongezi yenye muhuri, kwamba mpango wangu atausimulia kwa walimu wakuu wengine huko Kasese. Nikaitia barua katika fremu, nikaitundika ofisini mahali ambapo mgeni akiingia haikwepi.

Mwezi wa nane Esperance akaanza kukosa shule. Kwanza Jumanne. Halafu Jumatatu na Jumanne. Akija Jumatano anasinzia, shingo imekakamaa, na katika majaribio ya hesabu akashuka kutoka wa kwanza hadi wa tisa, kutoka wa tisa hadi wa kumi na tisa. Nilimwita.

"Unakuwa wapi Jumanne?"

"Nyumbani, mwalimu."

"Unafanya nini?"

Macho chini. Safari hii sikuyaita adabu, niliyaita kiburi. Nikajisemea, ndiyo hivyo, asante ya punda ni mateke. Mama mtu kapata nguvu kwa maharage yangu, sasa anafanya biashara na kumzuia mtoto shule. Nikamwambia Esperance kwamba samaki mkunje angali mbichi, nikampa adhabu ya kufyeka nyasi za uwanja saa za hesabu. Yaani mtoto kakosa masomo, nami namwadhibu kwa kumkosesha masomo. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa hesabu. Na jioni ile ilikuwa Jumatano, nikaenda nyumbani nikala ngege mkia na kichwa.

Kulikuwa na sheria pale shuleni kwamba mwanafunzi akikosa siku kumi, jina lake halipelekwi kwenye mtihani. Sheria hiyo haikutoka serikalini. Niliitunga mimi ili wasiopita wasije wakaiharibia shule sifa. Nilipokaa kuandika orodha ya darasa la saba, Esperance alikuwa amekosa siku kumi na nne. Nikaweka kalamu, nikaichukua, nikaweka tena. Niseme kweli, iliniuma. Lakini niliogopa kushindwa hadharani kuliko nilivyoumia, nikalipita jina lake. Mwanzoni mwa Oktoba, siku ya Jumatatu, nilikwenda Kasese, ambako mkaguzi alikaa siku tatu katika darasa moja karibu na stesheni ya reli akipokea orodha za shule zote. Nikaikabidhi orodha yangu, tukapeana mikono, akaniuliza habari za Kikapu. Nikasema kinaendelea vizuri.

Jioni nilimweleza Tabisa wakati akiosha vyombo. Hakugeuka. "Siku alizokosa huyo mtoto ni zipi?"

"Jumatatu na Jumanne. Kila wiki. Bila haya."

"Na samaki anakuja lini?"

"Jumatano."

"Anhaa." Akasuuza sahani, akaiweka. "Jumanne mtoto hayuko darasani, Jumatano samaki yuko mezani. Na ninyi mnalipwa na serikali kufundisha kujumlisha. Umewahi kumuuliza huyo mama anataka nini?"

"Maskini anajulikana anachotaka."

"Kesho ni siku ya soko," akasema. "Nenda mwenyewe ukaone. Ukirudi bila jibu, chakula utapikiwa na ile barua yako ya kwenye fremu."

Jumanne baada ya saa sita nilimwachia shule mwalimu wa darasa la kwanza, Blasio, nikateremka Mpondwe. Soko lilikuwa limejaa. Malori yamepangana mpaka kwenye kizuizi cha forodha, mawakala wanakimbia na karatasi, wachukuzi wanapiga kelele njia, njia! Nikasimama kwenye banda la samaki la mama mmoja aitwaye Loyi, mwanamke mwenye mikono mipana na sauti ya kuita ng'ambo.

Hapo nikamwona. Esperance alitoka nyuma ya lori na gunia la samaki mgongoni, kamba ya gunia imepita kwenye paji la uso kama wanavyobeba mama zetu kuni. Gauni la shule alikuwa amelivaa ndani nje, lisichafuke upande wa kuonekana. Alitua gunia, akafuta jasho, akarudi kwenye lori bila kuniona.

"Yule mtoto unamlipa nini?" nikamuuliza Loyi.

"Samaki, baba. Pesa hataki. Nilimwambia chukua pesa, ununue hata daftari. Hapana! Anataka ngege wanne, wakubwa, wasiovunjika mkia."

"Wa nini?"

"Eh, wewe mgeni? Kuna mwalimu huko juu, mlafi huyo! Kila Jumatano lazima apelekewe samaki, la sivyo mtoto hasomi. Wanasema anamsimamisha mbele ya shule nzima na kikapu mkononi ili wote waone ukubwa wake. Na kila wiki anatoa kikapu kikubwa zaidi, ndipo kijazwe zaidi. Shetani mwenyewe hana akili hiyo."

"Labda hamkuelewa vizuri. Labda anasaidia."

"Anasaidia tumbo lake! Wachukuzi wote hapa wanamjua. Sura tu ndiyo hatujaiona." Akaninyooshea ngege. "Nikufungie huyu?"

"Mimi sili samaki."

Loyi akanitazama kuanzia kifuani kushuka. "Na hilo tumbo umelipata kwa mchicha?"

Nikaondoka pale haraka kidogo kuliko inavyompasa mwalimu mkuu. Nikauliza nyumba ya Laurentine, nikaonyeshwa. Alikuwa mlangoni akichambua mboga, mwanamke mrefu, kitambaa cha kichwa kimefungwa sawasawa utadhani anakwenda misa. Alisimama, akafuta mikono, akanitolea kiti pekee kilichokuwamo.

"Karibu, Bwana Direkta. Ikala. Mutoto wangu iko na makosa gani?"

"Hana kosa, mama. Nimetoka sokoni. Nimemwona."

Akaokota mboga iliyoanguka. "Basi umeona."

"Kwa nini mnanirudishia samaki? Mngerudisha hata majani ya maharage!"

"Kwa kikapu ya hotuba?" akauliza. "Mutu anapewa kitu mbele ya watoto mia tatu, banapiga mikono, halafu anarudisha majani? Ijumaa ya kwanza nilisema, tutarudisha vizuri, Direkta atatosheka. Ya pili ukaleta kikapu mukubwa. Kila Ijumaa miye nasema, leo atachoka. Weye hauchoke!"

"Ungekataa."

"Namna gani? Na weye mbona haukukataa samaki?"

Jibu lilikuwa moja na sote wawili tulilijua tangu tukiwa tumboni mwa mama zetu. Ghafla akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, nami nikacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeungua.

Nikamuuliza, "Kule kwenu ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Mwalimu. Monitrice, kwa masista. Miaka tisa nilifundisha watoto wa mwaka wa kwanza."

Jamani! Miaka tisa! Pale shuleni Blasio alikuwa na watoto tisini na wanne darasa la kwanza, sauti imemwisha, nusu yao wanamlilia mama. Nami nilikuwa na mwalimu wa miaka tisa mlangoni kwangu, nikampelekea sabuni.

"Hukuniambia," nikasema.

"Haukuniuliza. Wazee banasema mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe. Miye niko hapa mwaka ya tatu, Bwana Direkta. Jembe yangu iko wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba naomba aje anisaidie, kwamba darasa la kwanza linatushinda, kwamba mshahara siwezi kumwahidi mpaka nipige magoti kwa kamati ya wazazi, na nitapiga. Akaketi kwenye kizingiti, akafikiri, akasema, "Sasa umeomba kitu. Mutu mwenye anaomba, naweza kupokea kwake." Nikaanza kuona mambo yamekwisha salama. Ndipo akauliza, "Na mutihani? Jina ya Esperance iko kwa listi?"

Ningeweza kudanganya. Nilifungua kinywa nidanganye. "Sikuliandika," nikasema.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama akanitazama, nami nilimwogopa mwanamke yule kuliko nilivyowahi kumwogopa askari wa kizuizini.

"Umekula samaki," akasema, "ukakula na mutihani."

Asubuhi ya Jumatano, siku ya mwisho ya mkaguzi kukaa Kasese, gari lililoondoka mapema Mpondwe lilikuwa moja tu, lori la samaki wa kukaushwa. Nikapanda juu ya magunia na tai yangu. Mpaka Kasese nilikuwa nimeiva harufu. Nilipoingia katika lile darasa, walimu wakuu watano waliokuwa kwenye benchi na orodha zao walisogea bila kuambiwa. Bwana Tumusiime alikuwa akifunga makaratasi kwa kamba.

"Mwalimu Zedekia. Unanuka samaki."

"Ndiyo, bwana. Ndilo lililonileta."

Nilimwambia kuna jina nimeliacha. Akauliza kwa nini. Nikasema mtoto alikuwa mgonjwa. Akaomba cheti cha daktari. Nikasema, basi, ni kosa la mwandishi. Akauliza mwandishi ni nani, na mwandishi nilikuwa mimi. Akanisukumia karatasi. "Andika sababu, utie sahihi. Bila sababu sifungui kamba hii."

Niliikalia karatasi ile muda mrefu. Nilijua nikiandika kweli, ile ripoti ya kurasa nne imekwisha, sifa za Kikapu zimekwisha, na labda na kiti changu. Nikamfikiria Esperance na kamba ile kwenye paji la uso. Nikaandika: Mwanafunzi huyu alikosa shule siku kumi na nne kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa akimpa msaada kwa kikapu, na kwa desturi yetu kikapu hakirudi kitupu, kwa hiyo mtoto alibeba mizigo sokoni ili kikapu kirudi na samaki, na samaki hao walikuwa wakiliwa na mwalimu mkuu. Nikatia sahihi.

Bwana Tumusiime aliisoma kwa sauti. Sijui kama alikusudia, lakini aliisoma neno kwa neno, taratibu, kama anayesoma kitabu cha Mambo ya Walawi. Alipofika kwenye samaki, mwalimu mmoja aitwaye Yowasi alijipiga paja akaanguka nyuma ya benchi, na wenzake wakafuata. Walicheka mpaka machozi. Mpaka leo nikipita Kasese kuna mtu ananiuliza bei ya ngege. Mkaguzi peke yake hakucheka.

"Na ile barua yangu ya pongezi?" akauliza.

"Nitairudisha, bwana."

"Usiirudishe tupu," akasema, na akafungua kamba. Akaandika chini ya orodha, kwa mkono wake, Esperance Kavira.

Alhamisi asubuhi Laurentine alifika shuleni na kitenge kilichopigwa pasi. Aliingia darasa la kwanza, akasema neno moja ambalo sikulisikia, na watoto tisini na wanne wakanyamaza. Blasio alitoka nje akakaa chini ya ukuta, akafumba macho. Baada ya nusu saa Laurentine alitoka akaniambia chaki zetu ni mbaya, na kwamba ile herufi a ya kwenye ukuta wa darasa imechorwa vibaya, aliyeichora ni nani? Nilikuwa mimi.

Kisha nikaenda darasa la saba. Esperance alikuwa nyuma kabisa, pembeni, peke yake kwenye dawati. Nilimwendea. Aliponiona alinitazama mikono kwanza, haraka, kama niko na kikapu, na jambo lile liliniumiza kuliko kicheko cha Kasese.

"Jina lako liko kwenye mtihani," nikamwambia. "Na Kikapu kimekwisha. Hutarudisha kitu tena."

"Asante, mwalimu."

Nikakumbuka maneno ya Tabisa. Nikainama, nikamuuliza, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nimjue, "Esperance, wewe unahitaji nini?"

"Hakuna, mwalimu."

"Sema tu. Sitatoa hotuba."

Alifikiri. Wenzake walikuwa wakisikiliza, kwa hiyo alinong'ona. "Kukaa mbele. Ubao siuoni. Naona weupe tu."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuja. Ninasikiliza."

Miaka mitatu! Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani kwangu alikuwa wa kwanza kwa masikio, na dawati la mbele lilikuwa hatua tisa kutoka pale. Lisingenigharimu punje ya haragwe.

"Mtoto wangu, kwa nini hukusema?"

Akaniinulia macho, na nadhani alinihurumia.

"Ungenipa kiti, mwalimu, tungerudisha nini?"

Nikashika dawati upande mmoja, yeye akashika upande wa pili, tukalivuta mpaka mbele karibu na ubao. Novemba alifanya mtihani akiwa amekaa palepale, na akapita.